Kipande cha Figili

Siku ya tatu bila neno, na goti langu la kushoto
ndilo pekee linalosema.

Saa kumi alfajiri mtawa Hyegak hugonga kibuyu chake cha mbao,
ko, ko, ko, akizunguka ua wenye theluji,
nasi, soksi juu ya soksi, tunajikokota
kwenda kukaa na kutazama ukuta.

Hesabu pumzi, alinielekeza kwa vidole.
Nahesabu. Nafika nne.
Ya tano ni bili ya hospitali.
Ya sita ni dada yangu kwenye simu, akiuliza
kama kweli mazishi nitayakosa.

Niliyakosa.

Ubavuni mwangu Pyo Gil-su, dereva mstaafu wa mabasi ya Daegu,
anasinzia mgongo wima,
mikono imeshika usukani usiokuwepo.

Mlo ukiisha, kila mtu humiminiwa maji ya moto.
Bakuli tunalisugua kwa kipande cha figili ya manjano;
figili tunaila, maji tunayanywa.
Kisibaki kitu.

Leo mimi nilibakiza punje tatu za wali.
Mtawa akazitazama, akanitazama,
wala hakukunja uso. Akangoja tu
kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja.

Nikazila. Ya tatu ilikataa kushuka,
na hapo hapo, mbele ya wageni, kwa ajili ya punje ya wali,
nikalia kilio cha miezi minane.

Gil-su alinisogezea kipande chake cha figili.
Sijui hadi sasa kama ni huruma
au hakuipenda.