Supu Kwenye Kipilefti

Jumamosi, kiwanja cha ndege kilichoachwa na shamba la mkonge,
ng'ambo ya Pongwe. Matairi mabovu tumeyapanga kuwa kona.
Staleti yangu ya mwaka tisini na sita;
viti vya nyuma vimebaki nyumbani, uvunguni.
Duru ya tatu, kona ndefu ya kulia,
taa ya oili ikanikonyeza. Ikazima.
Duru ya nne vilevile.
Kulia tu. Kushoto kimya.

Gereji ya Gofu kila mtu daktari.
Hizza: pampu hiyo, badili.
Kidevu: sensa, ichomoe waya ulale usingizi.
Nikabadili pampu, laki na themanini, hela ya mkopo.
Nikabadili sensa. Nikatia oili nzito, ya lori.
Jumamosi iliyofuata, kona ileile, konyezo lilelile,
kama mtu anayejua jambo na amekatazwa kusema.

Jumatatu viti vinarudi, boliti nne, mbili zimeliwa meno.
Mama ana kliniki Bombo,
na shoga yake amelazwa hukohuko,
kwa hiyo sufuria ya supu mapajani,
kifuniko kilipotea tangu Idi, kaifunika kwa sinia lisiloenea.
Tumechelewa. Naingia kipilefti kwa mwendo wa Jumamosi.

"We Mbaruku wee!"
Sinia liko miguuni. Supu yote imekimbilia kushoto,
imepanda ukingo, imeoga mlango,
na upande wangu nauona uchi wa sufuria,
mkavu, mfupa mmoja umekaa peke yake.

Nikasimama palepale. Bajaji zikanitukana.
Mama alidhani najuta.
Mimi nilikuwa naitazama sampo.

Usiku tuliishusha. Mwanakombo, mchomeleaji,
akakata bati, kuta tatu kuzunguka mdomo wa pampu,
kila ukuta na kidirisha cha upana wa kidole:
oili iingie upesi, ichelewe kutoka.
Hakuniuliza nimejuaje. Aliuliza nani atalipa gesi.

Pampu ya zamani ilikuwa nzima.
Ipo juu ya kabati, imekalia risiti yake.

Jumamosi, kulia, mwendo wa tisini: taa haikuwaka.
Najua, kwa sababu niliitazama yenyewe
badala ya kona, nikabeba matairi mawili.

Jua likipanda, mlango wa kushoto bado unanuka ndimu na pilipili manga.
Na Mama, kila nikikata kulia, hata polepole,
hata tukitoka msibani,
anainua mikono yote miwili
na kushika sufuria ambayo haipo.