Herufi Inayobeba Mtoto

Mwalimu Mkuu, nimekuja mimi.
Barua ilimwita mzazi; mzazi yuko Mererani
mwaka wa nne sasa, na simu yake haipatikani.
Naitwa Mwantumu, wa genge la Barabara ya Kumi na Tisa.
Nyanya nimemwachia jirani. Nina nusu saa.

Mmeandika: Singano ni mzito.
Barua niliitia kwenye droo ya chenji,
ikashika harufu ya vitunguu, usiku nikaitoa tena.
Mzito.
Na yeye hapo sakafuni kafungua friweli
la Phoenix ya mzee Kihiyo,
golori kazimwaga kwenye kifuniko cha sufuria.
Umeme ukakatika.
Akazirudisha zote gizani, hakubakisha hata moja.
Uzito wenyewe anauweka wapi?

Juzuu Amma aliimeza kwa sikio
wenzake wakiwa hawajafika nusu.
Lakini ukurasa, mwalimu,
ukurasa kwake ni siafu waliomwagiwa maji,
hatulii hata mmoja.

Siku ile alisimamishwa mbele ya watoto tisini na wanne.
Sentensi fupi: Baba ameleta unga.
Akasoma: Dada ameleta unga.
Darasa likacheka mpaka bati likaitikia.
Fimbo mbili, moja ya b, moja ya d.

Sikuja kuzidai fimbo hizo.
Nasema tu, kwetu hakukosea.
Unga ule niliuleta mimi.

Niliwahi kufua nguo Raskazone, kwenye nyumba yenye geti la bluu.
Mtoto wa mle naye herufi zilikuwa zikimkimbia.
Wakamletea mwalimu wake peke yake, mara mbili kwa wiki,
na herufi za mbao za kushika mkononi.
Mimi nyuma ya kamba, mashuka yananidondokea miguuni,
nikaliiba jina: disleksia.
Jina lina miiba kama samaki mdogo.
Aliyelitunga hakuwaza
kwamba wenye nalo watatakiwa kulisoma.

Si ujinga, alisema yule mwalimu, wala si uvivu.
Ni kama mtu atokaye Chumbageni kwenda soko la Mgandini
akapitia Makorora.
Atafika. Mwonyesheni njia, na mumsubiri.

Kule, mtoto akichelewa ananunuliwa muda.
Huku hatununui kitu:
fimbo ipo bure kwenye mwarobaini wa chooni,
na anatumwa mwenyewe akaikate.

Basi nikachukua sinia, nikatandaza unga wa dona, kiganja kimoja,
(tuliusonga baadaye, usifikiri tuliumwaga).
Nikamshika kidole.
Hii b, nikamwambia, ni baba: anakwenda sokoni,
kitambi kimetangulia mbele.
Na hii d ni dada. Tazama mgongo wake.
Amebeba mtoto.
Akauliza, "Mtoto gani?"
Nikamwambia, "Unajua mwenyewe."
Kanyamaza kidogo.
Tangu siku hiyo d haijamponyoka,
ila p bado inamsumbua, nisikudanganye.

Sina elimu ya kukufundisha kazi yako, mwalimu.
Najua watoto ni wengi, chaki yenyewe mnagawana vipande.
Lakini mchanga nje umejaa, haununuliwi.
Mnipe kona, Jumanne na Alhamisi, saa ya michezo;
sauti kwanza, herufi ifuate, pasiwe na mtu wa kucheka.
Hatakuwa peke yake. Nimechungulia dirishani nikawaona:
binti wa Mwanjaa, anayesogeza midomo bila kutoa neno,
na yule mrefu wa nyuma
anayebanwa na haja kila zamu yake ikikaribia.

Nyanya zangu ziko juani, niruhusu niende.
Ila hii barua yenu,
Singano ameikuta kwenye droo, anaisoma mwenyewe, kwa kidole.
Jana usiku alilimaliza jina lake.
Leo asubuhi amefika kwenye "ni".
Neno linalofuata
libadilisheni kabla hajalifikia.