Kwa Kikoromeo Changu

Sijui walikuweka wapi.
Daktari Rwezaura alisema kwenye kopo, ndani ya dawa,
halafu maabara, halafu hakusema tena,
nami sikuwa na cha kuulizia.

Miaka ishirini na mbili tulinadi dagaa mwaloni Kirumba,
mimi nimepanda juu ya kreti la bia,
wewe umenipanda shingoni.
Gunia la Goziba hilo! Halina mchanga hilo!
Wakongo walitusikia wakiwa bado ndani ya malori.

Ulianza kwa kukwaruza. Nikakupa tangawizi,
nikakupa asali ya Tabora, maji moto ya chumvi,
na sigara, ndiyo, sigara nazo nilikupa,
tusilaumiane mbele za watu.
Miezi minane nikasema ni vumbi la dagaa.

Kisha kamera nyembamba kama utambi ikapitia puani.
Daktari akanigeuzia kioo nikutazame:
pembeni umeota kitu cheupe,
kama ukoko wa ugali uliogoma kutoka sufuriani.
"Tukikiacha kitakunyonga. Tukikitoa, hutanadi."
Minza akanitangulia kujibu:
"Kitoeni. Atanadi kwa vidole."

Wodini tulikuwa wanne.
Magesa wa Ukara alichelewa; walimfungua, wakatazama, wakafunga.
Mwalimu Bahebe alikataa kisu, akachomwa mionzi,
akabaki na sauti ya karatasi.
Mwaka uliofuata karatasi ikachanika.
Kijana wa Nyakato alitoroka usiku
na mpira wa uji ukiwa bado puani. Aliacha kandambili.
Kwenye faili langu wameandika: miaka mitatu, hai.

Hawakuandika chai,
kwamba naisubiri ipoe yenyewe, mdomo hauna pumzi ya kuipuliza.
Hawakuandika kwamba dagaa hawanuki tena,
kwamba nikicheka ni mabega tu yanayojua.
Ziwa nalo naliingia mwisho kiunoni.
Maji yakifika shingoni, nazama nikiwa nimesimama.

Wale wadudu wa ziwani wakiinuka kama moshi
naliziba tundu kwa kitambaa.
Minza alikata kanga yake kuukuu, jina likakatika naye hakujali:
kipande kimoja SEMENI,
kingine MCHOKE.
Kimoja kikiwa kambani, navaa cha pili.

Sista Kokubanza alinifunza kumeza hewa
na kuicheua kwa vipande.
Pa. Ta. Ka. Wiki tano, pa, ta, ka,
na aibu ya kubeua mbele ya mwanamke wa watu.
Neno langu la kwanza lilikuwa "paka".
Mjukuu akainama kuchungulia uvunguni.

Nakuambia haya kwa kuwa jana nilirudi kwenye kreti.
Mpwa wangu ndiye mnadi sasa, ana koo la jogoo,
akaniachia gunia moja, kwa huruma nadhani.
Nikameza hewa.
Nikasema bei, herufi zikitoka mojamoja kama wazee msikitini.
Wachukuzi wakatua mizigo. Mwenye redio akaizima.
Mama mmoja akamfinya mwanawe anyamaze.

Enzi zetu, kikoromeo, tulilipigia soko kelele;
hatukuwahi kunyamaziwa.

Likaenda kwa laki na themanini.
Lilikuwa na mchanga.