Ukurasa Mmoja wa Jubilei

Kamati imenipa ukurasa mmoja:
historia ya usharika na shule, miaka themanini,
"na picha ya mchungaji ikae juu," akasema katibu.
Nimefungua kabati la sakristia. Panya wamenitangulia.
Wamekula ubatizo wa arobaini na tisa mpaka hamsini na tatu,
wangu ukiwemo,
wakaacha majalada.

Basi naanza na kilichobaki.

Daftari la mahudhurio, wino wa zambarau,
mwandiko wa Mwinjilisti Yesaya Kitundu
uliolala upande kama mtama uliopitiwa na upepo:
Mkumbo hayupo, anachunga.
Shila hayupo, anachunga.
Mpinga yupo, ila amelala.
Januari, ukurasa mzima una neno moja tu: Palizi.

Katibu anataka lori la mmisionari lililokwama mtoni,
saruji ya kwanza, mabati kutoka ng'ambo.
Sawa, lilikwama, nitaliandika.
Waliolisukuma sijaona walipoandikwa.
Na kabla ya bati palikuwa na tembe,
paa la udongo, kuta za miti na moshi:
asubuhi sala, mchana silabi,
usiku ndama wa Nambua, mwenye nyumba,
ambaye hakubatizwa mpaka mwaka aliokufa.
"Maneno yenu nayasikia bure kila siku," alikuwa akisema,
"haraka ya nini?"

Matofali ya kanisa tulibeba sisi, darasa la pili,
mawili mawili kichwani kutoka tanuruni.
Aliyevunja moja aliimba ubeti peke yake.
Mimi niliimba beti nyingi.

Kengele ni rimu ya lile lori.
Mara tatu ni shule, mfululizo ni ibada,
moja moja, kwa kituo, ni msiba.
Mwaka wa sabini shule ikawa ya serikali.
Fundi akaja na kopo la rangi nyeupe
akafuta neno Misheni juu ya mlango,
mkono mmoja tu, rangi haikutosha,
na kila kiangazi neno likachungulia.
Lakini rimu ya nani?
Barua kumi na moja zimo kwenye jalada.
Wazee wa kanisa wanaandika "rimu yetu",
mwalimu mkuu anajibu "kengele ya shule",
nakala kwa tarafa, nakala kwa dayosisi,
na muda wote huo
mtoto aliyewahi kufika ndiye aliyegonga.

Sabini na nne haina maneno mengi.
Unga wa njano umefika, magunia sita.
Chini yake majina ya waliopokea,
Wakristo, Waislamu, na wale wasio na haraka,
kwa mpangilio wa foleni.
Pembeni pana alama ya kidole gumba. Bado ya njano.

Kuna jina moja nimekaa nalo tangu jana.
Naomi Msengi, darasa la sita. Februari. Ameolewa.
Mstari mwekundu, umepigwa kwa rula.
Halafu, Novemba, kwa penseli, herufi ndogo:
Amerudi. Ana mtoto mgongoni. Nimemkalisha karibu na mlango.

Kanuni haikuruhusu. Kitundu aliijua kanuni,
aliinakili kwa mkono wake
ukurasa wa kwanza wa daftari hilohilo.

Mtoto yule alilia siku nzima ya hesabu za sehemu,
mama alinisimulia akicheka.
Mpaka leo sehemu zinanishinda,
na mimi ndiye mweka hazina.
Habari za mlango hakuniambia.

Ukurasa umejaa na sijafika kwenye bati.
Mwambieni katibu picha aiweke nyuma.
Rimu inagongwa sasa hivi, mara tatu,
na kule barabarani kuna anayekimbia,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.