Fulana ya Zana Mpya

Wameniletea fulana kabla ya zana.
Imefika Tukuyu kwa basi la jioni,
kifuani imeandikwa: NAIFAHAMU, NIULIZE.
Jumamosi nisimame ukumbini, Mbeya,
mbele ya vijana mia na ushee,
niseme hakuna kama hii.

Nami sijaandika nayo hata mstari mmoja.

Nikaitupa fulana juu ya kabati.
Nikanunua bando, nikasakinisha.
Mara ya kwanza ikagoma, ya pili umeme ukakatika,
ya tatu mvua ya hapa, isiyojua kuomba radhi,
ikapiga bati hadi nikasahau nilikuwa mstari wa ngapi.

Kazi niliyoipa ni ndogo:
daftari la kituo cha maziwa cha Asangalwisye,
nani kaleta, lita ngapi, anadai kiasi gani.
Usiku wa nne zana ikaniambia
ng'ombe wa Mama Lugano katoa lita sabini na tano.
Ng'ombe mmoja. Asubuhi moja.
Nilikuwa nimeandika saba, mkato, tano,
kama anavyoandika Asangalwisye miaka yote;
zana ikaumeza mkato
bila hata kukohoa.

Asangalwisye alicheka hadi akaweka ndoo chini.
"Basi mnunulie Mama Lugano tangi!"
Kisha akaacha kucheka.
"Na kama ningelipa?"

Swali hilo nililala nalo siku tisa.
Nikajua inapouma: neno lenyewe, ng'ombe,
kwa kile kialama chake, huukata mstari katikati;
zana hudhani nimemaliza kusema
nami ndiyo kwanza nimefika kwenye *ng*.
Nikajua na inapopendeza:
ilivyojumlisha mwezi mzima
kabla chai haijapoa,
na chai ya huku hupoa upesi.

Jumamosi niliivaa fulana, kwa sababu ya baridi
na kwa sababu haya zilikuwa zimepungua.
Nikafungua kompyuta, hotuba nikaiacha mfukoni.
Nikaandika saba, mkato, tano,
nikawaacha waone wenyewe.
Aliyeniletea fulana, kiti cha mbele,
alikuwa anatazama viatu vyake.

Kijana mmoja wa Iyunga akauliza:
"Sasa wewe, unaitumia?"

Naitumia, nikamwambia.
Kila alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo,
kalamu ikiwa mkononi.