Sijambo

Daktari wa bodi aliniuliza, "Hujambo, mzee?"
Nikajibu, "Sijambo."
Ningejibu nini? Nimelelewa Isevya,
na mtoto wa Isevya hamwagi maumivu mlangoni mwa mtu
kabla hajakaribishwa kiti.

Kiti nilikaribishwa. Nilikaa dakika tisa,
kiuno kikiwaka kama jiko lililopepewa,
nami natabasamu,
maana alikuwa kijana mwenye adabu
na nyuma yangu foleni ilifika hadi dirisha la dawa.

Barua ikaja.
*Mdai alifika kwa miguu yake.
Mdai alikaa bila shida.
Mdai mwenyewe alieleza kwamba hajambo.*
Asilimia nane.

Miaka ishirini na mitatu nimefunga mabehewa, stesheni ya Tabora,
hata usiku ule bafa mbili ziliponibana
kama ndugu wanaogombea mgeni,
na kilichopotea, kwa hesabu yao,
ni nane katika mia.
Kabula aliisoma barua mara mbili, akaikunja,
akailalia kopo la matobolwa juu yake.
Hakusema neno.

Wakili Nyanzobe ana chumba kimoja Gongoni,
nyuma ya fundi cherehani; ukuta unatetemeka fundi akikaza mwendo.
Nikaanza na ajali: mvua, taa ya ishara,
dereva aliyerudisha injini kabla ya filimbi…
Akaweka kalamu chini.
"Ajali hawaipingi, mzee Mihayo. Nieleze jana."

Jana?
Jana haikuwa na kitu. Jana niliamka.

"Uliamkaje?"

Nikatazama dirisha.
Kwa ubavu, nikasema. Kwanza ubavu, kisha kiwiko,
kisha nangoja chumba kitulie.
"Soksi?" Sivai siku hizi.
"Ndoo ya maji?" Nimeacha.
"Chooni?"
Aliuliza bila kushusha sauti, bila kuipandisha,
kama karani anayeuliza tarehe ya kuzaliwa,
na ulimi wangu, uliozoea kupiga kelele kushinda treni,
ukalala.

Ndipo Kabula akafungua kanga,
akatoa kalenda ya chama cha ushirika, ya mwaka jana,
ile yenye picha ya shamba la tumbaku.
Kila usiku una vijistari vya kalamu.
Kimoja: ameniamsha nimgeuze.
Viwili: nimemshika hadi chooni.
Mduara: amelia, akidhani nimelala.

Miduara ilikuwa mingi.
Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini,
sikujua kwamba gizani alikuwa akiniandika.

Nyanzobe alifungua kurasa taratibu, kama mtu anayekagua noti.
"Hii," akasema, "haikufundishwa adabu. Itasema kweli."
Zilibaki siku kumi na moja za kukata rufaa.
Akaandika anachotaka: picha mpya kutoka Kitete,
barua ya msimamizi wangu wa zamu,
nakala za kalenda, kurasa zote, na gamba pia.
Malipo? "Tutazungumza ukilipwa."
Kisha akaniinulia kidole kama mwalimu wa darasa la pili:
"Wakikuita tena, ukiulizwa hali,
ile si salamu. Ni swali,
na anayeuliza ameshika kalamu."

Sijui watasema nini.
Nane inaweza kubaki nane.
Karatasi zimepanda basi la Dodoma, nami nimebaki na fimbo.

Ila siku ile, tukirudi polepole, tukipumzika kila nguzo ya umeme,
tulikutana na Kashindye, tuliyefunga naye mabehewa,
anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya asali.
"Mihayo! Hujambo, ndugu yangu?"
Neno likapanda lenyewe, likafika kwenye meno.
Kabula akanitazama.

"Nina jambo," nikasema.

Kashindye akanyamaza.
Akatafuta kivuli cha ukuta,
akaegesha baiskeli.