Futikamba

Usiku wa kuamkia Idd, Wete haina umeme.
Nashona kwa taa ya kandili, mguu juu ya cherehani,
kanzu ya Bwana Shaame wa Jadida,
melimeli aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati.
Imebaki kaba tu.

Nikatoka kwenda kusali Isha.
Niliporudi, mkasi uko sakafuni
na mkono wa kulia wa kanzu
umekwisha kuwa gauni la mwanasesere wa Raya.

Hasira ile haikuwa yangu peke yangu.
Niliirithi pamoja na cherehani na pasi ya makaa.
Marehemu baba alikuwa na futi ya mbao
na mgongo wangu unaijua, inchi kwa inchi.
Siku Raya alipozaliwa niliapa.
Viapo vya baba mchanga.

Nikaivua futikamba shingoni.
Nikaikunja mara mbili.

Naye, miaka sita, pengo mbele,
akaniona nimeishika,
akamlaza mwanasesere pembeni,
akasimama wima kama nilivyomfundisha,
akanyoosha mikono yote miwili:
"Zamu yangu, baba? Gauni langu la Idd?"

Gauni lake.
Nilishashonea mtaa mzima.

Sikujua mkono unaweza kukaa juu
muda wote ule.
Kisha ukashuka, nikaikunjua.
Bega. Kifua. Kiuno.
Nikachutama kuyafikia magoti yake.
Kaongezeka inchi mbili tangu Rajabu
na mimi nilikuwa papa hapa, napima watu.

Saa nne nikabisha hodi Jadida.
"Mkasi niliuacha mimi. Kosa langu."
Maneno hayajai hata kiganja;
yalinichukua miaka thelathini na nne.
Bwana Shaame akafoka, ana haki.
Nikampa kanzu yangu mpya.
Akanuna, akaichukua.

Asubuhi nimesali na ya mwaka juzi.
Raya ananingoja nje ya msikiti,
gauni limekwisha alfajiri, pindo limekwenda kombo,
na mwanasesere, kwapani mwake,
kavaa melimeli ya Maskati, katushinda sote.

Futi ya mbao bado ninayo, juu ya kabati.
Jana nimemkuta kapanda kiti, kaiteremsha,
anapigia mistari daftari lake la hesabu.
Nikasimama mlangoni.
Mstari wa kwanza ulipinda.
Akaufuta, akapiga mwingine.